Fundi anajua, muuzaji anajua, mnunuzi je?

Kuna swali niliulizwa na kijana mmoja pale Mbagala Rangi Tatu, nami nikalijibu kwa maneno manne tu. Aliniuliza, "Mwalimu, klachi yake vipi?" Nikamjibu, "Gari si umeliendesha mwenyewe?" Akacheka, akahesabu fedha, tukaandikishana mbele ya mashahidi wawili, akaingia ndani ya gari akaondoka nalo.

Ndugu msomaji, yapitie maneno yale manne polepole. Hakuna uongo ndani yake. Kijana alikuwa ameliendesha kweli, kutoka Rangi Tatu mpaka Zakhem na kurudi. Sikusema klachi ni nzima, wala sikusema ni mbovu. Lau kama tungefikishana mbele ya hakimu na karani akaandika kila nilichotamka siku ile, hakuna herufi moja ambayo ningeomba ifutwe. Pamoja na hayo yote nilimdanganya, nami nilijua kuwa ninamdanganya.

Mtu anawezaje kudanganya kwa maneno ya kweli? Na hasara ya jambo ambalo upande mmoja tu ulikuwa unalijua, ni ya nani? Maswali haya huulizwa na wanafalsafa vyuoni. Mimi nimeyakuta chini ya mwembe Tandika, kwenye madoa ya oili, na sina budi kuanza na gari lenyewe ili msomaji anielewe.

Lilikuwa Toyota la miaka ya 1990, la kubadili gia kwa mkono, na klachi yake ilikuwa ya mafuta. Nilidumu nalo miaka tisa. Anayeijua Barabara ya Kilwa kabla ya upanuzi wake, na wakati wa ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka, anajua gari la namna hiyo lilivyoteseka: mguu juu ya pedeli ya klachi kutoka Mtoni kwa Aziz Ali mpaka Rangi Tatu, unasogea hatua tatu unasimama, unasogea mbili unasimama. Wengi wetu huuacha mguu umelalia pedeli hata pale ambapo hatubadili gia. Tunadhani tunapumzika, kumbe tunaisaga klachi.

Siku moja gia zikaanza kukwaruza. Gia ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Ukiiingiza inalia mpaka watu wanageuka kutazama. Nikalipeleka kwenye gereji moja huko Temeke. Fundi akaketi kwenye usukani, akaingiza gia mara mbili, akashuka akiwa anafuta mikono. "Giaboksi hiyo imekwisha, mzee." Hakuchukua hata dakika tatu. Nikaenda Gerezani, nikanunua giaboksi ya mtumba, nikalipa ya ufundi, nikamshukuru Mola kwamba nimepona. Baada ya wiki mbili gia zikakwaruza kama awali.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja fundi pale Tandika. Hana bango, hana lango, ana mwembe, sanduku la spana na vijana wawili. Nilipomweleza kwamba giaboksi mpya nayo imekufa, alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyeleta jibu bila njia.

"Mwalimu, zima injini."

Nikazima. Akaniambia niingize gia zote moja moja. Zikaingia laini kama kisu kwenye embe bivu. "Washa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, ingiza ya nyuma." Ikakwaruza. "Sasa pampu pedeli mara nne, tano, halafu ingiza tena." Ikaingia bila kelele.

Akaniambia: "Giaboksi ingekuwa ndiyo mgonjwa, kupampu pedeli kusingemsaidia kitu. Hapo klachi haiachii."

Nimefundisha hesabu kwa miaka thelathini na moja, na sikumbuki hoja safi kuliko hiyo. Kwa asiyejua, klachi ni pleti iliyobanwa kati ya flaiwili ya injini na kava lenye springi, kama karatasi iliyobanwa kati ya viganja viwili. Ikibanwa, nguvu ya injini inakwenda kwenye giaboksi na magurudumu yanazunguka. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukuma kifaa cha chini, nacho kinasukuma beringi, na beringi inalazimisha springi iachie ile pleti. Mafuta yakivuja au yakiingia hewa, msukumo haufiki. Pleti inaachiwa nusu, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka, na gia zinakwaruza kwa kuwa unaziingiza kwenye kitu kinachozunguka. Ukipampu unakusanya msukumo kidogo, gia inaingia. Akavua kapu la mpira la kile kifaa cha chini, mafuta yakamwagika kwenye vidole vyake. Raba ndani ilikuwa imelika. Tukaweka raba mpya ya shilingi elfu chache, tukatoa upepo, tukajaza mafuta, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Niliwaka hasira. Nikasema yule wa kwanza ni mwizi, nitamrudia. Yule mzee akasema neno ambalo sikulipenda wakati ule: "Hakukuibia huyo. Hakujua."

Hapa ndipo penye mzizi. Tumezoea kuwagawa mafundi mafungu mawili, waaminifu na wezi, tukadhani tatizo la mji huu ni wezi. Naam, wezi wapo. Yupo atakayekubadilishia pleti peke yake na kukulipisha seti nzima, yupo atakayekurudishia beringi ile ile baada ya kuipaka grisi. (Dawa yake ni ndogo: omba uoneshwe spea za zamani zilizotoka, na usione haya.) Lakini mafundi wa kutisha zaidi ni wale wasiojua na wakasema kama wajuao. Mwizi anajua ukweli na kuuficha, kwa hiyo ukweli upo mahali fulani na unaweza kufichuka. Asiyejua hana hata cha kuficha. Anakutazama machoni kwa dhati na kukuangamiza.

Sheria ya Kiislamu imelitazama jambo hili tangu zamani. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Haikuulizwa kama nia yake ilikuwa njema. Na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza dhamana mafundi kwa mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatengemai bila hivyo. Wanazuoni walikhitalifiana katika hilo, wapo walioona fundi ni mwaminishwa tu na hatozwi mpaka ithibitike amezembea. Hoja zote mbili zina uzito. Ila kinachonivutia ni kwamba walilijadili. Walikaa wakajiuliza juu ya mshona nguo na mpaka rangi, sisi tunaona haya kujiuliza juu ya fundi gari.

Nisiwaonee mafundi. Kijana wa gereji bubu ameanza kama msaidizi wa kuosha nati, akajifunza kwa kuchungulia. Hakupata bahati ya kupita chuo cha VETA pale Chang'ombe. Lakini lipo jambo jingine ambalo sisi wateja ndio wenye kosa. Hatulipi kwa kujua. Tunalipa kwa kufungua. Fundi aliyeshusha giaboksi langu, akalala chini ya gari siku nzima, nilimlipa bila kusita kwa sababu nilimuona akitoka jasho. Yule mzee aliyetumia dakika kumi na kichwa chake nilimpa shilingi 5,000 juu ya bei ya raba, na nikajiona mkarimu. Fikiria: mtu amekuokoa na gharama ya giaboksi la tatu, unampa nauli na chai. Kwa utaratibu huo, fundi mwenye njaa atajifunza lipi? Atajifunza kushusha giaboksi. Tunauchuma tuliouotesha.

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Hoja yake ni nyepesi kuifuata. Muuzaji anajua gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, isiyo ya zima wala ya bovu. Mwenye gari zima anaona bei hiyo ni dhuluma, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anafurahi. Magari mazima yakipungua, wanunuzi wanashusha bei zaidi, na mazima yaliyobaki nayo yanaondoka. Mwishowe mabovu yanalifukuza zima sokoni, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Akerlof alionesha pia kuwa watu hutafuta vitu vya kuziba pengo hilo la kutojua: hati ya dhamana ya bidhaa, jina la kampuni, cheti. Kwetu Temeke kinachoziba pengo hilo ni mtu. "Nani anauza? Aa, Mwalimu? Basi chukua." Kijana wa Rangi Tatu hakuja na fundi wa kumkagulia. Alipoambiwa mwenye gari ni Mwalimu fulani, aliyemfundisha kaka yake, akaona kumleta fundi ni kama kunitukana. Kile ambacho hakukijua kuhusu gari alikiziba kwa kile alichodhani anakijua kuhusu mimi.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Mwaka mmoja na ushei baada ya ile raba, gari likaanza ugonjwa mwingine, wa kinyume. Safari hii gia ziliingia vizuri, lakini nikikanyaga mafuta kwenye mpando injini inanguruma na gari haliongezi mwendo, na harufu kama ya kitu kinachoungua inaingia ndani. Yule mzee akavuta breki ya mkono, akaingiza gia ya nne, akaachia klachi taratibu. Injini ilipaswa kuzima. Haikuzima, ikaendelea kuunguruma. "Pleti inateleza," akasema. Akachungulia chini, akanionesha oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa imechoka, oili inamwagikia kwenye klachi. Dawa yake ni moja: kushusha giaboksi, kubadili sili, pleti, kava na beringi kwa pamoja, na kupeleka flaiwili kwa fundi kerezo ikisawazishwe uso. Kubadili kimoja na kuacha vingine ni kulipa gharama ya kushusha giaboksi mara mbili.

Sikuwa na fedha hizo. Ada ya mtoto ilikuwa mlangoni. Nikamwambia anifanyie chochote nifike mwisho wa wiki. Akafungua kitundu cha chini, akaiosha pleti kwa petroli na bomba la upepo, huku akinizungushia injini kwa mkono. Akaniambia, nakumbuka kila neno, "Hii ni ya kukufikisha, mwalimu, siyo ya kukuponya. Siku kumi, au wiki mbili. Oili itarudi."

Nikaendesha. Klachi ikakamata kama mpya. Na hapo hapo barabarani, kabla sijafika nyumbani, wazo likanijia. Leo gari ni zima. Kwa nini lisiuzwe leo?

Wiki ile ile nikaliuza.

Katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuna habari inayojulikana kwa kila aliyesoma fiqhi ya biashara, habari ya mnyama aliyefungwa chuchu. Mtu anataka kuuza mbuzi au ngamia wake. Anaacha kumkamua siku kadhaa kabla ya soko, kiwele kinajaa maziwa, mnunuzi anaona kiwele na kudhani huyu ni wa maziwa mengi. Akifika nyumbani akakamua mara ya kwanza anafurahi, mara ya pili anagundua. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari: amtake mnyama abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende, fidia ya maziwa aliyokwisha kuyakamua. Wanazuoni wa Kihanafi walikuwa na rai yao tofauti kuhusu huko kurudisha, ila hakuna aliyesema kitendo chenyewe ni halali.

Habari hii niliijua tangu utotoni, chuoni. Nilidhani inahusu mbuzi.

Tazama ilivyo. Yule muuzaji hakusema lolote. Kiwele kilikuwa kimejaa kweli, na ndani yake mlikuwa na maziwa ya kweli, si maji. Mnunuzi alimwona mnyama kwa macho yake, akamshika kwa mikono yake. Angeweza kabisa kusema, "Mbuzi si umemuona mwenyewe?" Udanganyifu haumo katika maneno wala katika maziwa. Umo katika kumpangia mwenzako ushahidi. Unamwachia aamue kwa akili yake mwenyewe, lakini wewe ndiye uliyechagua akili yake ione nini. Hilo lina ubaya kuliko uongo wa mdomo, kwa sababu mdanganywa anashirikishwa katika kudanganywa kwake, na akigundua anajilaumu mwenyewe. Klachi yangu ilikuwa kiwele. Petroli ilikuwa kamba.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja barazani, alinipa nyudhuru za kutosha. Akasema bei ilikuwa ndogo, na mwenye kununua gari la zamani ananunua na kasoro zake. Nikamuuliza: bei ilikuwa ndogo kwa sababu ya kasoro ambazo sote wawili tulizijua, kama rangi iliyobabuka na kiti kilichochanika, hii ambayo niliijua peke yangu iliingia vipi katika bei? Akasema ningeweza kuuza kwa sharti kwamba sidhamini kasoro yoyote. Hata hilo katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao huu, rai yenye nguvu ni kwamba sharti la namna hiyo halimwokoi muuzaji isipokuwa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Asiyejua ndiye anayeweza kusamehewa. Mimi niliiona oili ikidondoka.

Akaja na la sheria ya nchi. Hapo alikuwa karibu na ukweli. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi kwa Waingereza humlinda mnunuzi zaidi anaponunua kwa mtu ambaye biashara yake ni bidhaa hiyo, na hata hapo, aliyekagua mwenyewe hana nguvu ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Mwalimu mstaafu anayeuza gari lake moja si mfanyabiashara wa magari. Huenda wakili mzuri angeniokoa. Ila swali la kama wakili anaweza kuniokoa hulijibu mtu anapokuwa ameshakubali kwamba ana jambo la kuokolewa.

La mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kwamba yule kijana jina lake si la Kiislamu. Nilimkasirikia, wallahi, na baadaye nikajua nilikasirika kwa sababu wazo hilo lilikuwa limepita kichwani mwangu pia, kama panya anavyopita jikoni usiku. Surat Al-Mutaffifin inapowaonya wanaopunja vipimo inataja watu. Inasema watu, basi. Na pale Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni Madina, vidole vyake vikakuta umajimaji, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone. Hakumuuliza wateja wake ni kina nani.

Imam Ghazali katika kitabu chake cha Ihya ameeleza kwamba ni wajibu wa muuzaji kubainisha kasoro zote, za wazi na za siri, na akaleta habari ya sahaba Jarir bin Abdallah (r.a.) aliyekuwa akiuza kitu huonesha kwanza aibu zake kisha humwachia mnunuzi achague. Akaambiwa kwa mtindo huu biashara haitakwenda. Akajibu kuwa walimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Wasomaji watasema hayo ni ya masahaba. Mimi nasema ni ya mtu yeyote mwenye uwezo wa kutamka neno "inateleza". Ni neno moja tu. Mimi nilitumia manne kulikwepa.

Kuhusu haya magari mapya ya gia za otomatiki, nitasema kidogo tu. Huko pengo la kutojua ni pana zaidi, maana hakuna pedeli ya kupampu wala kitundu cha kuchungulia. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, ndani kuna maradhi. Na magari mengi yanayokuja siku hizi yana giaboksi la aina ya CVT lenye mafuta yake maalumu, lakini wapo wanaotiliwa mafuta ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa ni rahisi, na giaboksi linakufa taratibu mikononi mwa mtu mwingine. Mwenye kutia anajua alichotia. Mwenye kununua hajui.

Kilichonitoa usingizini si kitabu. Mwezi mmoja baada ya mauzo nilipita kwa yule mzee fundi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu. Gari liko wapi?" Nikamwambia nimeuza. Akanyamaza, akawa anapanga spana zake kwa ukubwa. Kisha akauliza, "Ulimwambia habari ya sili?" Nikasema kijana aliliendesha mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Basi umeniuza na mimi. Mkono ulioosha ile pleti ni wa kwangu."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani dhambi ni ya kwangu peke yangu na yule kijana, kumbe nilikuwa nimechukua elimu ya mtu mwaminifu, aliyeniambia ukweli wote, nikaifanya chombo. Yeye alijua na akasema. Mimi nilijulishwa na nikanyamaza. Bila yeye nisingeweza kudanganya.

Nilikaa na jambo lile siku nyingi kuliko inavyostahili. Pensheni ilipoingia nikatenga fedha ya seti ya klachi, sili na ufundi, nikamtafuta kijana. Nikamkuta Mbagala, amepakiza magunia ya mkaa kwenye gari jingine. Nilipomweleza akaanza kucheka, tena kicheko cha heshima. "Mwalimu, lile niliuza zamani. Lilinisumbua wiki ya tatu tu. Fundi akaniosha pleti, nikapata mteja wa Kisarawe." Nikamuuliza kama alimwambia. Akanitazama kwa mshangao. "Nilimpa aliendeshe, kama ulivyonipa mimi."

Nikampa namba ya fedha niliyotenga, nikasema hii ni haki yako. Akakataa. Alisema yeye hakupata hasara, aliuza kwa bei ile ile. Tukasimama pale juani, wawili tuliouza kitu kimoja kwa njia moja, na fedha hakuna mwenye haki nayo kati yetu. Nikamwomba simu ya mtu wa Kisarawe.

Jumapili nikaenda na yule mzee fundi, yeye na sanduku lake, tukapanda daladala mpaka Gongo la Mboto kisha nyingine. Mpando wa kutoka Pugu kwenda Kisarawe anaujua kila dereva. Klachi inayoteleza haiuwezi. Gari tulilikuta chini ya mkorosho, matairi yamelala, kuku wamelifanya kivuli. Mwenyewe ni mtu wa makamo, alilinunua ili ampeleke mama yake kliniki. Lilimpandisha kilima kile mara nne, mara ya tano likakataa, wakashuka, mama akasubiri kando ya barabara mpaka usiku. Mafundi watatu walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba giaboksi imekufa.

Mzee fundi hakusema kitu. Akatandika gunia chini, akajilaza, akaanza kufungua nati za giaboksi. Mimi nikawa nampa spana. Mwenye gari alisimama akitutazama, hakuna aliyemuita, hakuna aliyepatana naye bei. Hatimaye akaniuliza.

"Samahani mzee wangu. Huyu ni fundi, nimeona. Na wewe unahusika vipi na gari hili?"

Nikaweka spana chini, nikamwomba tukae pembeni, nikaanzia kwenye petroli.